MREJESHO: Wale mbwa wa mnyororo mtaani kwetu Tabata

Wadau, mwezi uliopita niliomba ushauri: mbwa wawili wa jirani wanafungwa mnyororo mfupi mchana kutwa juani, nifanyeje bila kuzua ugomvi?

Asanteni mlioniambia nisianze na polisi. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 ipo, ila nilitangulia na mjumbe wa shina, tukampa mzee mwenye mbwa shikamoo yake, tukakaa. Kumbe geti lilivunjika, anaogopa wasije wakang'ata watoto wa madrasa.

Tukachanga, wengine elfu mbili mbili. Fundi wa kuchomelea akajitolea, tukanunua bawaba na wavu tu. Daktari wa mifugo akawachanja kichaa cha mbwa.

Jike alikuwa na kidonda shingoni, mnyororo umezama kwenye nyama. Nililia, sifichi. Alipofunguliwa akawa anazunguka duara lilelile, urefu wa mnyororo, kana kwamba bado amefungwa. Siku ya tatu ndipo akakimbia hadi ukutani, mzee mwenyewe akaniita nije nione.

Kidonda kinakauka. Kilichobaki ni kivuli: mwenye mabati mawili, hata yaliyotumika, nitayafuata mwenyewe.