Fildi ya fizikia: mionzi Iringa au sola Mbeya? Naomba ulinganisho

Mwana Uyole
Wakuu habari, wakubwa shikamooni. Nasoma fizikia mwaka wa pili, chuo Dar, nyumbani Uyole. Fildi ni wiki nane kuanzia mwisho wa Julai. Nimekubaliwa sehemu mbili, zote maabara za vyuo, na zote zinataka jibu kabla ya Ijumaa.

Iringa wanapima mionzi asilia kwenye udongo wa mashamba. Wana ditekta (kipima mionzi) ya germaniamu, na msimamizi ni daktari mwenye machapisho yake. Chumba najipangia. Mbeya mjini ni maabara ya nishati, paneli za sola juu ya paa, na wameniahidi kazi yangu mwenyewe tangu wiki ya kwanza. Huko nalala nyumbani, nakula nyumbani.

Moyo uko Iringa, maana huko mbele nataka nyuklia. Mama amesikia neno mionzi tu, akasema hapana. Halafu bumu (pesa ya mkopo) la fildi mnalijua, linaweza kuingia ukiwa umeshamaliza. Naomba ulinganisho kutoka kwa watu waliowahi kushika hivyo vifaa. Kituo cha hali ya hewa nacho niliomba, kimya mpaka leo, tusikihesabu.

Kaka wa Kihesa
Iringa, usijiulize mara mbili. Paneli na maltimita kila fundi wa Mwanjelwa anavyo. Germaniamu hukutani nayo njiani. Darasani mmesoma kwamba sesiamu-137 inatoa gama, yaani mionzi, yenye nishati ya keV 662. Ukiipima kwa ditekta ya aina nyingine, ya iodidi ya sodiamu, kilele chake kwenye grafu kinatokea kinene kama kichuguu, upana wake asilimia 7 hivi. Kwa germaniamu upana hauzidi nusu ya asilimia moja, na vilele vilivyokuwa vimelaliana unaviona kimoja kimoja. Ukishaiona spektra hiyo (grafu ya vilele) kwa macho yako, somo la nyuklia linakuwa jingine kabisa. Chumba kisikusumbue: mdogo wangu anahama Kihesa mwezi Julai, nitakuunganisha na mwenye nyumba.

Fundi wa Maabara
Nimekaa maabara za mionzi muda mrefu, niseme ambalo Kaka amelirukia.

Udongo haupimwi siku unayouleta. Unakaushwa, unasagwa, unachekechwa, unapimwa uzito, unatiwa kwenye kopo na kuzibwa hewa isipenye. Kisha kopo linawekwa kabatini karibu wiki nne. Radiamu-226 inazaa radoni, na radoni ni gesi yenye nusu uhai (muda wa nusu yake kuoza) wa siku 3.8. Gama nyingi tunazozitumia kuijua radiamu zinatoka kwa elementi zinazozaliwa radoni hiyo ikioza, risasi-214 na bismuthi-214. Gesi ikivuja, au usipoipa muda wa kufikia ulinganifu (inayozaliwa ilingane na inayooza), namba yako inatoka pungufu na hujui imepungua kwa kiasi gani. Ndiyo maana tunangoja nusu uhai saba hivi.

Sasa piga hesabu. Katika wiki nane toa moja ya kuzunguka mashambani na kukausha (oveni huwa moja, mnapanga foleni). Toa nne za kungoja. Zinabaki tatu, na kopo moja linaweza kukaa kwenye ditekta saa kumi na zaidi, kwa sababu udongo wa kawaida una mionzi kidogo. Ukihesabu mapigo (gama zilizonaswa) 100, kosa lako ni 10, yaani asilimia 10. Ukitaka kosa la asilimia 1 lazima uhesabu 10,000. Umeme ukikatika usiku na hakuna betri ya akiba, asubuhi unaanza upya.

Kwa hiyo dogo, ditekta gani wanayo siyo swali. Uliza sampuli zimezibwa lini. Uliza pia kama inapozwa kwa umeme au kwa nitrojeni ya kimiminika, na kama ni nitrojeni, wanaipata wapi, maana ni kitu cha nyuzi −196 na hakiuzwi sokoni Mlandege. Kuna maabara moja, siitaji, ditekta ilikaa chini ya turubai muhula mzima kwa kukosa nitrojeni. Wanafunzi wa fildi waliishia kupanga mafaili.

Binti Tukuyu
Mimi nilifanya ya sola, Mbeya hapahapa, na nimechoka kusikia kwamba sola ni ya mafundi. Fundi anaangalia kama paneli inafanya kazi. Wewe unatafuta kwa nini inatoa wati 80 wakati imeandikwa 100. Namba ya kwenye lebo ni ya mwanga wa wati 1,000 kwa mita ya mraba, seli ikiwa na joto la nyuzi 25. Seli ya silikoni ikipanda nyuzi moja inapoteza kama asilimia 0.4 ya nguvu. Mbeya tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari. Asubuhi ya Julai mabati yana baridi mpaka vidole vinauma, jua limeshawaka, na volteji ya paneli iko juu kuliko saa saba mchana. Kitu hicho ukikisoma kwenye maltimita mwenyewe hukisahau.

Halafu vumbi. Tuliweka paneli mbili pacha, moja naifuta kila asubuhi kwa kitambaa chenye maji, nyingine haiguswi. Kiangazi cha huku hakuna mvua ya kuja kuiosha, kwa hiyo data zinakuja siku baada ya siku bila kukatika. Fildi hiyohiyo ukiifanya Machi umeumia. Grafu nilichora mwenyewe kwa Python, lugha ya kompyuta, na kosa la kila kipimo nilihesabu mwenyewe. Kwenye usaili waliniuliza habari za ile grafu. Jina la maabara hakuna aliyejali.

Mwalimu wa Makambako
Niingie kwa upande wa mama tu. Mwambie udongo huo ndio analimia viazi, na potasiamu-40 imo kwenye viazi, imo kwenye ndizi, imo mwilini mwake. Mionzi asilia, kwa wastani wa dunia, ni milisiveti (kipimo cha mionzi inayoingia mwilini) 2 hadi 3 kwa mwaka, na kopo la udongo haliongezi kitu cha maana hapo. Vyanzo vya mionzi vya kurekebishia ditekta vinasimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki, na mahali pake ni kabati lenye kufuli. Ukivikuta vimezagaa mezani, rudi nyumbani.

Nitrojeni ndiyo inanitisha zaidi. Lita moja ikigeuka gesi inakuwa karibu lita 700, haina harufu, na inaifukuza hewa chumbani. Na Iringa ya Julai mnaijua, baridi ikipiga kila dirisha linafungwa. Usiingie kuijaza peke yako, na dirisha libaki wazi hata kama mnatetemeka.

Kaka wa Kihesa
Wiki nne za Fundi nazikubali. Ila dogo anataka nyuklia. Siku akiomba ICTP kule Trieste, Italia, kituo cha kimataifa cha fizikia alichokianzisha mwanafizikia Abdus Salam mwaka 1964, barua ya daktari wa mionzi itambeba kuliko grafu ya vumbi.

Binti Tukuyu
Mtu aliyekuona ukisubiri makopo wiki nne ataandika nini kaka? Kwamba kijana ni mvumilivu?

Fundi wa Maabara
😂 Tumtendee haki daktari lakini. Kuna wasimamizi ambao wiki hizo wanakupa spektra za zamani uzichambue, au unarekebisha ditekta. Ukipata wa hivyo umejifunza kuliko aliyepewa makopo tayari. Mpigie simu, usiandike barua pepe.

Mwana Uyole
Nimempigia. Alicheka, akasema wanafunzi huwa wanamuuliza posho. Sampuli bado, mashambani wanakwenda wiki ya pili ya Agosti. Nitrojeni inaletwa kwa gari, gari lisipokuja wanatumia iodidi ya sodiamu. Nikihesabu, makopo yatakuwa tayari wiki ninayofunga daftari la fildi. Kwa hiyo naenda Mbeya. Ila amesema mradi wa mwaka wa tatu naweza kuleta udongo wangu mwenyewe, niuzibe kabisa kabla ya kuja. Nawaza kuchukua wa Uyole, Jumamosi nikiwa sina kazi ya paneli.

Fundi wa Maabara
Safi. Usizibe kwenye kopo lolote la siagi. Kopo liwe umbo na ujazo uleule wanaotumia kurekebishia ditekta yao, vinginevyo ufanisi wa ditekta (sehemu ya gama inayoinasa) uliopimwa hauhusu sampuli yako. Omba wakutumie makopo matupu kwa basi. Na kwenye kila kopo andika tarehe ya kuziba, uzito, na kina ulichochimba, kwa kalamu isiyofutika.

Mwana Uyole
Asante sana mkuu. Kina gani kinatosha, sentimita 20?

Fundi wa Maabara
Ukitaka udongo unaolimwa, 20 ni sawa, ila shamba zima liwe kina kimoja. Na usichote karibu na walipomwaga mbolea ya dukani, ile ya fosfeti huja na urani yake.

Kaka wa Kihesa
Basi chumba cha Kihesa nakitangaza. Anayekuja Iringa Julai aje inbox.