Poni anayembeba binti yangu hukataa mkanda: ni ukaidi au ni maumivu?

Mama Tumaini, Lang'ata
Habari za jioni, ndugu zangu. Binti yangu wa miaka 12, mwenye mtindio wa ubongo, hupanda poni, yaani farasi wa kimo kidogo, mara moja kwa wiki huko Karen, Nairobi, na mwendo wa mnyama huyo umemsaidia kukaza kiwiliwili kuliko mazoezi yote tuliyoyafanya nyumbani. Sasa ana kilo 41, tandiko lina kilo 7, na poni mwenyewe, kwa utepe wa kukadiria uzito unaozungushwa kifuani, ana kilo 250 hivi. Majuma haya mawili, kila mkanda wa tumbo unaoshikilia tandiko unapokazwa, hulaza masikio na kugeuza kichwa kama anayetaka kuuma, ilhali akianza kutembea hutulia kabisa. Naambiwa ni ukaidi. Je, tunamwonea?

Saisi Mstaafu
Mama, neno hilo "ukaidi" nimelisikia likisemwa juu ya wanyama ambao baadaye tuliwakuta na vidonda chini ya tandiko. Omba tandiko liondolewe mbele yako baada ya kazi, uangalie jasho: doa kavu katikati ya manyoya yaliyolowa mara nyingi huonyesha mahali panapobanwa, na nywele nyeupe zilizoota penye rangi nyingine ni alama ya mbano wa zamani. Poni hunenepa nyasi zinapochipua wakati wa masika, kisha hukonda kiangazi, kwa hiyo tandiko lililomkaa vyema mwezi Januari huenda likamuumiza mwezi Juni.

Daktari wa Mifugo, Kabete
Nakubaliana na Mzee Saisi. Kutulia kwake njiani kusikuondolee shaka, Mama, kwa kuwa farasi ni mnyama anayewindwa na hujizoeza kuficha maumivu.

Kuhusu uzito, wengi hutumia kikomo cha asilimia 20 ya uzito wa mnyama, tandiko likiwemo, na kwa poni huyu ni kilo 50. Ninyi mna 48. Hesabu hiyo, hata hivyo, humfaa mpandaji anayejimudu. Mtoto anayelemea upande mmoja huielemeza misuli ya upande huo kwa nusu saa nzima, na wasaidizi wanaotembea kando wakiegemea tandiko huongeza mzigo ambao hakuna aliyeupima. Mimi nisingevuka asilimia 15, yaani kilo 37 na nusu, kwa hiyo binti anahitaji farasi mkubwa zaidi hata kama mgongo wa huyu utakutwa mzima. Apande kutoka kwenye jukwaa, asivutwe kutoka chini, kwa maana kuvutwa huko hulipinda tandiko juu ya uti wa mgongo. Huyu poni apumzishwe, apimwe mgongo, meno na miguu, na muulize kwato zilichongwa lini. Kwa kawaida huchongwa kila baada ya wiki 6 hadi 8.

Mama Tumaini, Lang'ata
Nawashukuru, Daktari na Mzee. Leo tandiko limeondolewa nikiwa nimesimama pale pale. Doa kavu lipo upande wa kushoto, ndiko binti yangu anakoegemea. Msimamizi amekubali kumpumzisha poni hadi daktari wao afike Alhamisi. Binti ameuliza kama anaweza kwenda siku hiyo ampige brashi tu, bila kupanda.