Desemba 10, 1963: Zanzibar ilipata uhuru au haikupata?

Kila ikikaribia Januari 12 ubishi huu hufufuka. Wapo wanaosema uhuru wa Zanzibar ni Mapinduzi ya 1964, na kwamba ule wa Desemba 10 ulikuwa wa bandia, alikabidhiwa Sultani Jamshid basi. Wengine wanasema nchi ilikwishakuwa huru, ikapinduliwa mwezi mmoja baadaye.

Nianze na hoja ya bandia, maana ina uzito na wanaoibeza hawaitendei haki. Katika uchaguzi wa Julai 1963 chama cha Afro-Shirazi kilipata asilimia 54 hivi ya kura, kikaambulia viti 13 kati ya 31. Hizbu (chama cha ZNP) wakashikana na chama cha ZPPP wakaunda serikali, Mohamed Shamte akawa Waziri Mkuu. Sasa mchukue mtu aliyepiga kura pamoja na walio wengi, akaona serikali imekwenda kwa wengine, halafu umwambie ashangilie bendera mpya inapopanda: nyekundu, katikati duara la kijani na karafuu mbili. Ashangilie nini?

Lakini haki kukosekana ndani ya nchi ni jambo moja, nchi kuwepo ni jingine. Siku ile Waingereza waliondoa himaya waliyoiweka tangu 1890. Desemba 16 Zanzibar ikaingia Umoja wa Mataifa, siku moja na Kenya. Yalipokuja Mapinduzi, serikali ya Mzee Karume haikwenda kuomba uanachama upya. Ilikalia kiti kilekile. Na Aprili 26, 1964 zilipoungana Zanzibar na Tanganyika, kila moja ilikuwa na kiti chake pale.

Hapo ndipo baadhi ya ndugu zangu wananishangaza. Mtu anapiga meza kwamba Zanzibar iliingia kwenye Muungano ikiwa dola kamili, wala si mkoa wa mtu. Sawa kabisa. Ukimuuliza Desemba 10, anakwambia kilikuwa kiini macho. Hiyo dola kamili aliiokota wapi?

Sidai Desemba 10 iwe sikukuu. Januari 12 ina wenyewe na ina sababu zake (ina na machozi yake, ila hayo yanataka mjadala wake). Ninachotaka ni watoto wafundishwe waziwazi kwamba himaya iliondoka siku ile, na papo hapo waonyeshwe zile kura na vile viti 13. Anayeshikilia kwamba dola ilizaliwa na Mapinduzi, anieleze kwanza habari ya kile kiti.