Mjadala: Je, mwajiri asiyekula nyama ana haki ya kuizuia kazini?

Mtoa mada (South B)

Naomba tujadili jambo ambalo wengi wetu hapa Nairobi tumelizoea kiasi cha kutolihoji. Katika baadhi ya viwanda vya Industrial Area, katika baadhi ya maduka ya Biashara Street na hasa katika nyumba za Parklands, mfanyakazi huambiwa siku ya kwanza kwamba nyama, samaki na mayai haviingii hapa. Wenye mali ni Wajaini, yaani wafuasi wa dini ya Kijaini yenye asili ya India, au ni Wahindu wa madhehebu yasiyokula nyama, na wameishika dini yao kwa dhati. Swali langu ni hili: amri hiyo inapaswa kuishia wapi?

Msimamo wangu nautanguliza. Mwajiri ana haki kamili juu ya chungu chake, meza yake na mahali pake pa ibada. Hana haki juu ya mkebe wa chakula wa mfanyakazi, wala juu ya chumba anacholala mfanyakazi huyo.

Naanza kwa kuitetea mimi mwenyewe haki ya mwajiri, kwa sababu wengi huidharau kwa kutoielewa. Kwa Mjaini, kutodhuru kiumbe chenye uhai ndio msingi wa dini yenyewe. Walioshika sana hawali hata viazi, vitunguu na karoti, kwa kuwa kung'oa mzizi ni kuua mmea mzima pamoja na viumbe vidogo vilivyomo udongoni, na wengi wao humaliza kula kabla jua halijazama. Katika nyumba za wafuasi wa Swaminarayan, mojawapo ya madhehebu hayo ya Kihindu, chakula hutolewa kwanza kwa Mungu ndipo watu wale, kwa hiyo jiko ni sehemu ya ibada, na anayekaanga matumbo humo ametenda jambo zito kuliko kuacha harufu. Ibara ya 32 ya Katiba ya 2010 inamlinda mwenye imani hiyo sawasawa na inavyonilinda mimi Mkristo. Wanaosema kwamba hao ni wageni na wafuate desturi zetu wanakosea. Kuna familia zilizokuwa hapa tangu enzi za reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, na Julai 2017 serikali iliwatambua rasmi Wakenya wenye asili ya Asia kuwa jamii ya 44 ya nchi hii.

Sasa nendeni Lunga Lunga Road, huko Industrial Area, saa saba mchana. Wanawake wamepanga sufuria zao nje ya malango: githeri, ndengu, chapati, omena iliyokaangwa kwa nyanya. Vibarua wanatoka mbio, wanakula wakiwa wamechuchumaa kando ya ukuta, wanafuta mikono na kurudi ndani kabla kengele haijalia. Baadhi yao wangeweza kula kiporo cha nyumbani bila kutoa hata shilingi, lakini kiporo hicho kina samaki, na samaki hapiti langoni. Hapo ndipo dini ya mmoja inapoanza kulipiwa kutoka mfukoni mwa mwingine. Mwajiri anayezuia nyama lakini akawapikia watu wake wali na dengu hajamdhulumu mtu. Anayezuia nyama, asitoe hata kikombe cha chai, amewatwika gharama ya imani yake watu wanaolipwa kwa siku.

Najua nitaambiwa kwamba walikubali masharti hayo walipoajiriwa. Kibarua aliyetoka Mukuru kwa Njenga alfajiri, akasimama langoni katikati ya umati unaoitafuta nafasi hiyo hiyo, hana nafasi ya kujadili sharti lolote; analipokea tu.

Mfano ninaoupenda ni wa Makindu. Masingasinga waliofanya kazi ya reli walijenga hekalu pale mwaka 1926, na hadi leo msafiri yeyote wa barabara ya Mombasa, awe wa dini gani, hukaribishwa chakula bila malipo. Chakula hicho hakina nyama, ingawa si Masingasinga wote wasiokula nyama, ili watu wa kila dini waweze kuketi pamoja na kula bila kizuizi. Imani ile imechagua kitakachopikwa, na ndiyo inayolisha.

Mchangiaji (Ngara)

Ndugu mtoa mada, nimezaliwa Ngara katika familia ya Kijaini, na nashukuru kwa jinsi ulivyoieleza dini yetu. Hata hivyo, umelirahisisha jambo. Kiwanda cha baba yangu kina mahali padogo pa sala karibu na lango, na tangu asubuhi hadi jioni pana taa inayowaka, kwa hiyo mpaka kati ya ibada na kazi hauko wazi kama unavyoudhania. Pili, mhudumu wa hoteli ya Kiislamu pale Eastleigh haruhusiwi kuingia na nyama ya nguruwe, wala sijaona mtu akifungua mjadala juu ya hilo. Tupimwe kwa kipimo kimoja. Tunachoomba ni kwamba nyama isivuke lango letu. Nje ya lango, kila mtu ale atakacho.

Mchangiaji (Kangemi)

Nje ya lango ni wapi kwa anayelala ndani? Nilifanya kazi ya nyumbani Parklands, nikilala katika chumba cha nyuma na kutoka Jumapili peke yake. Mama mwenye nyumba alikuwa mtu mwema. Mwanangu alipougua, yeye ndiye aliyelipa hospitali. Lakini alikuwa na desturi ya kuingia chumbani mwangu kunusa. Siku moja alikuta mayai mawili ya kuchemsha niliyoyafunga kwenye leso. Aliyatoa nje kwa koleo la jikoni, akaniamuru nipige deki chumba chote kwa maji ya dawa, kisha nioge kabla ya kumshika mtoto wake. Sikumchukia, maana nilimwona akitetemeka na nikajua kwamba kwake lilikuwa jambo zito. Kilichoniuma ni kutambua kwamba kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi sikuwa na hata pembe moja iliyo yangu.

Mtoa mada (South B)

Dada wa Kangemi, ahsante. Ibara ya 31 ya Katiba inampa kila mtu haki ya faragha, ikiwemo haki ya kutopekuliwa yeye, makao yake wala mali yake. Chumba cha nyuma ni makao. Aliyemo ana haki ya kula yai lake humo, na sioni udhuru wowote wa kidini unaoweza kuiondoa haki hiyo.

Kaka wa Ngara, nakubali kwamba kipimo kiwe kimoja, na Eastleigh nayo iingie. Lakini tupime pia uzito wa katazo. Anayezuiwa nguruwe amebakiwa na karibu kila kitu anachokula. Anayezuiwa nyama, samaki na mayai amepokonywa sehemu kubwa ya kiporo chake. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinakataza ubaguzi wa kidini hata ule usio wa moja kwa moja, na kifungu cha 9 kinataka mkataba wa miezi 3 au zaidi uandikwe. Sharti la chakula liandikwe humo, pamoja na kile ambacho mwajiri atakitoa badala yake.

Wala nisieleweke kwamba nawatetea wafanyakazi dhidi ya jamii yako ya Wakenya wenye asili ya Asia. Makhan Singh, Singasinga aliyekulia hapa Nairobi, mwaka 1935 alikigeuza chama cha wafanyakazi Wahindi kuwa cha watu wa rangi zote, na baadaye serikali ya kikoloni ikamweka kizuizini tangu 1950 hadi 1961. Ningependa KUDHEIHA, chama kinachowatetea pia wafanyakazi wa nyumbani, kilibebe suala la chumba cha nyuma kwa ari hiyo.

Kuhusu kiwanda, napendekeza banda la kulia chakula ndani ya ukuta, mbali na mahali pa sala, lenye bomba lake la maji na pipa lake la taka. Je, baba yako angekubali kulijenga?