MREJESHO: Usingizi umerudi, ila sio siku zote
Wakuu habari zenu, mimi ndo yule niliyeomba ushauri hapa kwamba usingizi unakuja saa nane usiku, asubuhi kichwa kizito na hasira mpaka watoto wananikwepa. Asanteni sana, natoka moyoni.

Kilichonisaidia zaidi ni simu kuichaji sebuleni. Wiki ya kwanza mkono unapapasa chini ya mto gizani unatafuta simu ambayo haipo, ila wiki ya pili nikawa nalala saa tano. Chai ya rangi mwisho saa tisa alasiri, maana kafeini, ile kitu ndani ya chai inayofukuza usingizi, nusu yake tu inachukua kama masaa 5 kutoka mwilini, kumbe kile kikombe cha saa mbili usiku ndo kilikuwa kinanikesha.

Mazoezi nimefeli nusu. Shirika la Afya Duniani wanasema angalau dakika 150 kwa wiki, mimi nashuka Magomeni natembea mpaka Manzese siku tatu, napata kama 90, mvua ikinyesha napanda tu daladala.

Mwisho wa mwezi mawazo ya kodi bado yananikesha, hapo sijapata dawa. Ila juzi binti yangu mdogo kaja mwenyewe kukaa na mimi nikinywa uji. Mbarikiwe sana.