Binti wa kidato cha pili hatoki kwenye simu, hasira zimezidi. Tumnyang'anye?

MamaKidato: Wakuu, binti ana miaka 14. Anaamka saa 11 alfajiri kuwahi daladala, lakini simu anaiweka chini saa 6 usiku. TikTok na Instagram. Ukimsemesha anafoka, chakula anadonoa, anajipiga picha ishirini na kuzifuta zote. Baba yake anataka kuivunja. Tufanyeje?

MleziMakini: Msivunje kitu, atatumia ya rafiki na hamtaona lolote. Anzeni na usingizi. Miaka 13 hadi 18 inahitaji kulala saa 8 hadi 10; huyo analala 5, na hizo hasira zaweza kuwa ni usingizi tu. Wa kuamka saa 11 alale saa 3 usiku. Saa 2 na nusu simu zote zichajiwe sebuleni, ya baba ikiwemo (asipokubali, mpango umekufa). Atasema simu ndiyo kengele yake: nunueni saa ya mezani.

FunguoZaSimu: Kagua mwaka wa kuzaliwa aliojiandikishia. Akijifanya mtu mzima, ulinzi wa vijana haumgusi. Akaunti za vijana za Instagram, zilizoanza 2024, ni za faragha, na aliye chini ya miaka 16 hawezi kuzilegeza bila mzazi. Arifa zinanyamaza saa 4 usiku. Kwa binti yako hiyo ni kuchelewa, msiitegemee. TikTok ina Family Pairing: unganisha akaunti yako na yake, weka ukomo wa dakika kwa siku. Akijitoa utajulishwa. Tundu la panya ni kivinjari: programu ikifungwa anapitia Chrome. Kama ni Android, weka Family Link, programu ya Google ya mzazi kudhibiti simu ya mtoto.

DawatiLaUshauri: Mimi naogopa zaidi hizo picha zinazofutwa. Anajipima na sura zilizorembeshwa kwa filta. Kaa naye, asipekuliwe. Kila video inayomwacha akijichukia aishikilie kwa kidole na kuchagua kwamba haimvutii. Video anazoletewa hubadilika kidogo kidogo. Huzuni, kujitenga au kukosa hamu ya kula vikifika wiki 2, mpelekeni hospitali. Akitaja kufa au akijikata, ni siku hiyo hiyo, wala asiachwe peke yake. Tanzania namba ya simu ya mtoto ni 116, bure.

MamaKidato: Nimekagua. Kaandika 2001!

FunguoZaSimu: Basi afungue mpya kwa umri wa kweli mkiwa wote, ahamishe marafiki anaowajua kwa sura, ya zamani ifutwe.