Mrejesho: Printa iliyokuwa inafifisha maandishi

Wakuu, nilileta shida ya printa ya steshenari yangu: katriji nyeusi nimeijaza wino kwa sindano, kurasa mbili zinatoka safi, ya tatu inafifia hadi nyeupe. Niliisafisha kwa programu mara nne, nikaishia kuteketeza wino wa rangi bure.

Aliyesema niangalie tundu la hewa lililo juu ya katriji, soda yako ipo. Kumbe baada ya kujaza niliziba juu kwa selotepu nikihofia kuvuja! Hewa haiingii, wino utashukaje? Nimeibandua, nikaikalisha katriji dakika mbili kwenye tishu yenye maji ya uvuguvugu, hadi ikaacha alama nyeusi tii. Jana nimetoa kurasa 60 za mitihani bila kufifia. Bluu bado inasuasua, ila wateja wangu wengi ni wa nyeusi.